Feni ya rejeta imekufa: nifunge mbadala ipi?

Swali: "Fundi, gari langu linachemsha nikikaa kwenye foleni, ila nikishika barabara kuu mshale wa joto unarudi mahali pake. Nimeambiwa mota ya feni ya rejeta imekufa. Feni orijino yenye nembo ya kampuni ya gari siimudu. Nimeona mbadala mbili: moja imetengenezwa na kiwanda kingine kwa ajili ya gari la aina yangu na inakuja na kava lake, nyingine ni ile ya kufunga kwenye gari lolote, na ndiyo rahisi kuliko zote. Fundi wangu anataka tufunge hii ya pili na umeme auchukue kwenye swichi ya ufunguo, ili izunguke muda wote gari likiwa limewaka. Anasema pia themostati (ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto) tuitoe. Nikubali?"

Usikubali. Chukua ile ya kwanza, yenye kava lake, na uiunganishe kwenye plagi na relei za gari lenyewe (relei ni swichi inayopitisha umeme mkubwa kwa amri ya umeme mdogo). Spea mbadala kwa ujumla wake siipingi. Kiwanda kinachounda gari mara nyingi hakiundi feni. Hununua kwa makampuni kama Denso, Bosch au Valeo, na makampuni hayo huuza pia bidhaa zao wenyewe kwa jina lao. Kwa hiyo kukosa nembo ya gari kwenye boksi si ushahidi wa ubovu. Injini nyingi zinazoharibika baada ya feni kubadilishwa huharibiwa na namna feni ilivyofungwa: kava limetupwa, umeme umevutwa njia ya mkato, na mfumo uliokuwa unaamua lini feni iwake umerukwa. Pendekezo la fundi wako lina yote matatu.

Kabla hujatoa hela, hakikisha mota imekufa kweli. Dalili uliyoeleza inaelekeza kwenye hewa, na hilo ni jambo zuri. Gari likiwa kwenye kasi ya kilomita 50 au 60 kwa saa na kuendelea, upepo wa mwendo wenyewe unatosha kupooza rejeta. Feni inahitajika hasa ukiwa umesimama au unakwenda taratibu. Lingekuwa linachemsha kwenye barabara kuu na kutulia mjini, ningekwambia uache habari ya feni na utazame rejeta iliyoziba, pampu ya maji au gasketi ya silinda hedi. Lakini feni kutozunguka si lazima iwe mota. Inaweza kuwa fyuzi, relei, sensa ya joto, plagi iliyoungua, au ile rezista inayoipa feni kasi ndogo.

Kwenye magari mengi ukiwasha AC, feni lazima izunguke muda si mrefu baada ya kompresa, yaani pampu ya AC, kushika. Ikizunguka kwa AC na isizunguke kwa joto la injini, mota ni nzima, na tatizo liko upande wa sensa au amri. Isipozunguka kwa vyote viwili, chomoa plagi ya feni, vuta nyaya mbili kutoka kwenye betri, ule wa chanya uwe na fyuzi, na uiguse mota moja kwa moja. Ikizunguka kwa nguvu, unakaribia kununua spea usiyoihitaji. Ikikaa kimya, igonge taratibu ubavuni kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuanza kuzunguka, brashi za kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimekwisha na siku zake zinahesabika. Jaribio hili la betri ni kwa mota zenye nyaya nene peke yake. Kama plagi ina nyaya mbili nene na moja au mbili nyembamba, hiyo ni mota yenye elektroniki ndani au pembeni yake, na nyaya nyembamba zinapokea ishara kutoka kwenye kompyuta ya gari. Ukizipa volti 12 za betri unaweza kuunguza kile ulichokuwa unakipima.

Magari yenye mota za namna hiyo yana sharti lake. Kompyuta huongeza na kupunguza kasi ya feni kidogokidogo, na kwenye baadhi ya magari hujua kama feni imetii. Ukiondoa mota hiyo na kuweka feni ya nyaya mbili, taa ya injini inaweza kuwaka, kompyuta ikazima AC au kupunguza nguvu za injini ili kujilinda. Hapo feni ya kufunga kwenye gari lolote haina nafasi kabisa. Tafuta mbadala wenye udhibiti wa aina ileile, plagi ileile, idadi ileile ya nyaya.

Sasa tuje kwenye kava, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyika. Nikisema kava nina maana ya lile plastiki pana linalofunika mgongo wa rejeta, lenye duara ambalo feni inazungukia. Wengi hulichukulia kama kishikio cha mota. Kazi yake kubwa ni kuifanya feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Piga hesabu: rejeta ya sentimita 60 kwa 40 ina eneo la sentimita za mraba 2,400. Feni ya kipenyo cha sentimita 30 ina duara la takriban 707. Ukiifunga hiyo feni imegusana na rejeta bila kava, inapooza chini ya theluthi ya rejeta, na ukitoa lile tumbo la mota katikati, ni pungufu ya hapo. Eneo lililobaki linakaa na maji ya moto yanayopita bila kuguswa na upepo. Hata kava likiwepo, likiwa na ufa au limekaa mbali na rejeta upande mmoja, feni inakuwa kama mtu anayenyonya kinywaji kwa mrija uliotoboka ubavuni: itavuta hewa rahisi kutoka kwenye injini, ambayo tayari ni ya moto, na kuiacha ile ya mbele.

Feni za kufunga kwenye gari lolote mara nyingi huja na vile vipini vya plastiki vinavyopenyezwa katikati ya rejeta na kukazwa upande wa pili. Visitumike. Mapezi na mirija ya rejeta ni alumini nyembamba. Mtikisiko wa mota unavisugua vipini hivyo kwenye mirija mpaka inatoboka, na utagundua siku maji yatakapokuwa yanadondoka. Feni inashikwa na kava, na kava linashikwa na fremu ya rejeta au bodi.

Jambo jingine kwenye maboksi ya feni za bei rahisi ni namba kubwa ya ujazo wa hewa. Namba hiyo kwa kawaida hupimwa feni ikipuliza hewani bila kizuizi chochote. Ndani ya gari inalazimika kuvuta kupitia kondensa ya AC (ile kama rejeta iliyo mbele ya rejeta yenyewe), kisha rejeta, kisha kusukuma kwenye chumba cha injini kilichojaa vitu. Mimi huuliza inakula ampia ngapi. Hewa haisukumwi kwa maandishi. Inasukumwa kwa umeme. Mota ya wati 250 kwenye volti 13.5 inakula karibu ampia 18 na nusu. Mota ya wati 80 inakula kama ampia 6. Kama feni ya asili ya gari lako ilikuwa ya wati 250 na boksi la mbadala linaahidi hewa maradufu kwa wati 80, rudisha boksi kaunta. Wati za feni ya asili utazikuta kwenye lebo ya mota yenyewe, au kadiria kwa kutazama fyuzi yake: gari lililowekewa fyuzi ya ampia 30 au 40 kwa feni halikuundwa kwa mota ya ampia 6.

Ukifika dukani nenda na feni ya zamani mkononi, si picha tu. Linganisha kipenyo na idadi ya mapanga, upande yanakopinda, plagi na idadi ya nyaya, na sehemu zote za kufungia kava. Kwenye magari yenye feni mbili usichanganye ya rejeta na ya kondensa. Zinafanana kwa macho lakini mota zake mara nyingi hazifanani, na huenda zinazunguka pande tofauti. Shika mhimili wa mota na uutikise kwa pembeni: mota mpya isiwe na mchezo unaousikia kwa vidole. Zungusha mapanga kwa mkono ukitazama ncha zake kutoka ubavuni; zikipanda na kushuka, mapanga hayajakaa sawa, na mtikisiko huo utamaliza bushi mapema. Kisha omba iwashwe kwa betri hapohapo. Mwenye duka anayejiamini hakatai. Sikiliza: mvumo wa hewa ni sawa, mkwaruzo au mlio wa chuma si sawa.

Usiidharau pia feni orijino iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari lililovunjwa. Nikilazimika kuchagua kati ya hiyo na mbadala mpya ya hali ya chini, mara nyingi nachagua iliyotumika, mradi ipite majaribio hayo. Brashi zake zimeshalika kiasi, ndiyo, lakini kava linakaa mahali pake, plagi inaingia, na wati ni zilezile. Kama kava lako na mapanga yako ni mazima, unaweza pia kununua mota tupu na kuhamishia vitu vyako. Hapo angalia umbo la mhimili, urefu wake na matundu ya skurubu. Na ukiona nati ya mapanga haifunguki, simama kwanza kabla ya kuongeza nguvu: baadhi zimechongwa kinyume, hufunguka kwa kuzungushwa upande wa kukazia.

Umeme. Fundi wako akichukua umeme kwenye swichi ya ufunguo, ampia karibu 20 zitapita kwenye viguso vidogo ambavyo havikutengenezwa kwa mzigo huo. Tena feni inapoanza kuzunguka hula mara kadhaa ya hizo kwa muda mfupi. Viguso vinaungua taratibu, plastiki inalainika, na siku moja gari linazima katikati ya barabara kwa sababu swichi imekufa. Wengine hulaumu feni ya kuzunguka muda wote kwa kuipooza injini kupita kiasi. Hilo silo tatizo, maana themostati nzima huzuia. Madhara ya kweli ni swichi, nyaya zinazopata moto, brashi zinazolika bure na altaneta inayobeba mzigo usio na sababu. Na kuna hili: siku feni hiyo ikikatika, kompyuta haitajua lolote wala haitakuwa na njia ya kukusaidia.

Gari lako tayari lina relei, fyuzi na nyaya zilizopimwa kwa kazi hii. Zitumie. Kabla ya kuchomeka feni mpya, itazame plagi ya upande wa gari. Ikiwa imegeuka kahawia au pini zimelegea, ikate na uweke nyingine yenye pini za kubana. Plagi mbovu itaua feni mpya kama ilivyoua ya zamani. Badilisha na relei, kwa sababu ile iliyofanya kazi na mota iliyochoka huenda viguso vyake vimeungua. Fyuzi irudi ileile ya ampia zilizoandikwa kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi. Ikikatika, tafuta sababu. Fyuzi kubwa zaidi inahamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye waya.

Kama nyaya za gari zimeharibika kiasi kwamba lazima mzitengeneze upya, basi ziwe na relei: mguu namba 30 upokee chanya kutoka betri kupitia fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, namba 87 uende kwenye feni, na 85 na 86 ziwe za koili, inayoamriwa na kompyuta au na swichi ya joto ya rejeta. Kwa mota ya ampia 20 tumia waya wa milimita za mraba 4, na ethi, yaani waya hasi unaofungwa kwenye bodi, ifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. Feni ikiwa inazunguka, pima volti kwenye plagi yake na ulinganishe na volti za betri. Tofauti ikizidi nusu volti upande wa chanya, au upande wa ethi, kuna mahali umeme unapotea. Mota inayopata volti 11 badala ya 13.5 inapoteza karibu moja ya tano ya kasi yake, na hewa inapungua pamoja nayo. Nimeona feni nzuri zikilaumiwa kwa kosa la ethi yenye kutu.

Kufunga kwenyewe hakuna maajabu, ila kuna tahadhari. Injini iwe imepoa kabisa, na nguzo hasi ya betri iwe imetolewa, kwa sababu kwenye magari mengi feni inaweza kuwaka yenyewe hata ufunguo ukiwa umetoka. Magari mengine kava linatoka juu baada ya kulegeza mpira wa juu wa rejeta, mengine rejeta yenyewe lazima itoke. Weka kipande cha karatasi ngumu juu ya mapezi kabla ya kupandisha au kushusha kava, maana kona moja ya plastiki inatosha kulaza mapezi mengi kwa sekunde. Na ukiwa hapo, mulika kati ya kondensa na rejeta. Pale hujificha udongo, majani na manyoya ambayo hakuna feni itakayoweza kuvuta hewa kupitia kwake. Osha kwa maji ya presha ndogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Mota ikiwa na matundu ya kutolea maji, yaelekee chini. Mapanga yasiguse kava popote unapoyazungusha kwa mkono. Baada ya kuunganisha betri, washa feni na uweke karatasi nyepesi mbele ya kondensa: feni iliyo nyuma ya rejeta lazima iivute na kuishika. Ikiisukuma, nyaya zimegeuzwa, au umepewa feni ya kusukuma. Kugeuza nyaya kutageuza mzunguko wa mota ya kawaida ya brashi, lakini mapanga yamekunjwa kwa upande mmoja tu. Yakizungushwa kinyume hewa inakuwa haba. Mapanga nayo lazima yawe ya upande huo.

Kama maji yalimwagwa, jaza kulanti (maji maalumu ya rejeta) iliyochanganywa kama kitabu cha gari kinavyosema, fungua hita mpaka mwisho, na uache injini iungurume mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, tangu ikiwa baridi, mpaka mapovu yaishe. Hewa iliyonaswa ndani huleta dalili zilezile za feni mbovu na kukufanya uishuku spea mpya isiyo na hatia. Ukishafunga mfuniko usiuguse tena mpaka injini ipoe. Na uwe mzima: mfuniko unaoshika mgandamizo wa bar 1 unafanya hata maji matupu yasichemke mpaka karibu nyuzi 120, badala ya 100. Mfuniko uliochoka unakunyima nafasi hiyo yote.

Jaribio la mwisho ni la uvumilivu. Acha gari limesimama bila AC na usubiri. Themostati hufunguka mahali fulani kati ya nyuzi 82 na 90 kwa magari mengi, na feni hushika kati ya 95 na 102 hivi. Iwake, joto lishuke, izime, kisha mzunguko huo ujirudie mara kadhaa. Halafu washa AC na urudie. Usitegemee mshale wa dashibodi peke yake. Kwenye magari mengi umetengenezwa usimame katikati kwa masafa marefu ya joto, na ukianza kupanda tayari umechelewa. Chomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari na utazame nyuzi zenyewe. Feni ikiwa inawaka na haizimi, na joto linazidi kupanda taratibu, hewa haitoshi au rejeta imeziba ndani. Rudi kwenye wati na kava kwanza.

Kuhusu themostati, mwambie fundi aiache. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake la kazi na kwenye mwendo haifiki kabisa: mafuta yanaliwa zaidi, oili inabaki na unyevu, na vyuma vinalika kwa ubaridi. Tena ule ugonjwa wa kuchemsha kwenye foleni hauuponyi, kwa sababu kule kinachokosekana ni hewa kwenye rejeta, na maji hata yakizunguka bila kizuizi hayana pa kuacha joto lake. Kama mna shaka nayo, itieni kwenye maji yanayochemka jikoni na kuitazama: lazima ifunguke, na ikipoa ijifunge. Isipofanya hivyo, nunua nyingine ya nyuzi zilezile zilizochorwa juu yake, pamoja na mpira wake, na muifunge siku hiyohiyo maji yakiwa yameshamwagwa.